Miaka yote nilijua ni mtu wa nyimbo za jukwaani tu: nilivyokutana na simfoni za Kurt Weill

Mi ni mtu wa zamu za usiku. Kazi yangu ni kukaa na mitambo mpaka kunakucha, unaangalia mishale, unaandika namba kwenye daftari, unasubiri saa nyingine igonge uandike tena, na kama huna kitu masikioni usingizi unakubeba mapema sana. Kwa hiyo muziki kwangu ni mwenzangu wa kazini kabisa, na kati ya wote niliokesha nao hakuna niliyekaa naye muda mrefu kama huyu bwana Kurt Weill. Nyimbo zake nazijua moja moja, najua ipi aliimba mkewe Lotte Lenya na ipi walikuja kuichukua watu wa jazi baadaye, najua hata zile ambazo hazipendwi sana. Ndio maana yaliyonikuta na simfoni zake, yaani zile kazi ndefu za okestra zisizo na mwimbaji, yaliniuma, maana niliamini huyu mtu nimemmaliza.

Kwa asiyemjua, huyu ni Mjerumani, kazaliwa mji wa Dessau mwaka 1900, baba yake alikuwa kiongozi wa nyimbo kwenye sinagogi. Jina lilimlipuka tarehe 31 Agosti 1928 pale Berlin, ukumbi wa Theater am Schiffbauerdamm, walipoonyesha Die Dreigroschenoper, tamthilia ya nyimbo aliyoitunga na mwandishi Bertolt Brecht. Humo ndimo ulimotoka ule wimbo wa Mackie Messer, ambao Louis Armstrong aliurekodi 1955 na Bobby Darin akautoa 1959, yaani hata kama jina la Weill hujawahi kulisikia, wimbo wenyewe kuna siku umepita sikioni kwako. Afu Manazi wakamkimbiza, akaenda Paris, akafika New York Septemba 1935, akawa mtu wa Broadway, zile tamthilia za muziki za New York, mpaka alipofariki Aprili 1950, miaka hamsini na mwezi mmoja tu. Ukiuliza popote watakwambia ni mtunzi wa muziki wa tamthilia, na ni kweli, kazi yake kubwa ilikuwa hiyo.

Sasa usiku mmoja, plelisti yangu ya nyimbo zake ikaisha na mimi niko nafasi ambayo siwezi kushika simu, mikono ina grisi, programu ikaendelea yenyewe kuchagua. Zikaanza ala za nyuzi, pole pole, nzito, kama watu wanaoongea kwa sauti ya chini chumba cha pili. Halafu tarumbeta ikaingia peke yake na melodi fulani hivi ya huzuni lakini imenyooka, hailii lii. Nikajua tu huyu ni Weill, kwa sababu ile namna yake ya kuchukua kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ya kawaida kabisa na kuipindisha kidogo mpaka inakuwa na uchungu huwezi kuikosea. Nikakaa nasubiri mwimbaji aingie. Dakika ya kwanza, ya pili, muziki ukachangamka, ukaanza kukimbia, mwimbaji hayupo. Nikasema labda ni utangulizi wa opera fulani nisiyoijua, pazia bado halijafunguliwa. Ikaisha ile sehemu ya mbio, ikaja ya taratibu, mwendo wa msiba kabisa, na hapo nikawa nimeshafuta mikono nikaangalia kioo cha simu, imeandikwa Simfoni Namba 2.

Nilikaa na ile simu mkononi. Simfoni? Weill? Na namba mbili, maana yake namba moja ipo.

Niseme ukweli, mara ya kwanza sikuipenda. Nilisikiliza mpaka mwisho, kama nusu saa hivi pungufu kidogo, na nilichobaki nacho kilikuwa kama nyimbo nzuri ambazo mwimbaji wake hakutokea siku ya onyesho. Kila melodi ilipokuja nilikuwa najiuliza maneno yake ni yapi. Nikamsimulia mzee mmoja ninayemheshimu sana, alikuwa mwalimu wa muziki miaka mingi, mi namwita Mwalimu tu, akaniambia bila hata kufikiria, "Kijana wangu, huyo ni fundi wa jukwaa. Simfoni ni nyumba nyingine, yeye aliingia kama mgeni akaaga." Nikakubali. Nikarudi kwenye nyimbo zangu na miezi ikapita.

Kilichonirudisha ni historia yenyewe. Nilikuwa nasoma habari za maisha yake mwaka 1933, nataka kujua alitokaje Berlin, nikakuta kumbe hiyo simfoni imeandikwa katikati ya kukimbia kwake. Alianza kuiandika Berlin Januari 1933, mwezi ule ule Hitler alioshika madaraka. Februari tarehe 18 tamthilia yake ya Der Silbersee ikafunguliwa siku moja kwenye miji mitatu, Leipzig, Magdeburg na Erfurt, na siku chache baadaye bunge la Ujerumani likaungua, haikuchukua muda maonyesho yake yakafungwa. Machi akaondoka na gari akaenda Ufaransa. Huko kazi iliyomkuta kwanza ikawa ya jukwaa tena, Die sieben Todsünden, ikaonyeshwa Paris Juni 1933, ikabidi simfoni ingoje. Akaja kuimaliza Februari 1934 kwenye kijiji cha Louveciennes nje ya Paris. Na hapo katikati, Novemba 1933, kwenye onyesho moja Paris zikiimbwa nyimbo zake, mtunzi mmoja wa Kifaransa alipiga kelele ukumbini za kumsifu Hitler. Hebu fikiria, umekimbia watu nyumbani kwako, unafika ugenini mtu wa fani yako mwenyewe anakuzomea kwa jina la yule yule uliyemkimbia, na wewe usiku unarudi mezani kuandika simfoni.

Aliyemlipa kuiandika ni Princesse de Polignac, jina lake la kuzaliwa Winnaretta Singer, na ndiyo, ni Singer wale wale wa cherehani, baba yake ndiye aliyetajirika nazo. Huyu mama pesa ya cherehani aliimwaga kwenye muziki mpya, alimlipa Stravinsky, alimlipa Satie, na wengine. Kila nikiona cherehani ya Singer siku hizi mawazo yanakwenda kwenye ile tarumbeta.

Bruno Walter ndiye aliyeiongoza mara ya kwanza, Amsterdam, na okestra ya Concertgebouw, tarehe 11 Oktoba 1934, na Desemba mwaka huo huo akaipeleka New York kwa New York Philharmonic. Walter alikuwa kondakta mkubwa na yeye pia Manazi walishamfukuza, si mtu wa kupoteza muda na kitu kisicho na uzito. Wasikilizaji waliipokea vizuri. Wahakiki wakaikataa. Na sababu yao sasa, hapo ndipo niliposimama kusoma nikaweka kila kitu chini, walisema kwa ufupi kwamba huyu ni mtu wa nyimbo za jukwaani, hizi ni nyimbo zimevalishwa nguo ya simfoni.

Ni yale yale niliyosema mimi. Nilikuwa nimekaa na hedfoni zangu, miaka mingi baadaye, hakuna aliyenisomea magazeti ya 1934, na nikafika pale pale walipofika wao. Hilo lilinisumbua sana kwa sababu mtu ukifikia hukumu sawa na watu usiowajua, na hujafanya kazi yoyote ya kuifikia, basi ujue hukumu haikutoka kwenye muziki, ilitoka kwenye jina. Mimi nilisikia jina kwanza. Kama programu ingecheza ile simfoni kabla sijawahi kusikia hata wimbo wake mmoja, ningesubiri mwimbaji? Nisingesubiri.

Basi nikaamua kuisikiliza upya, na safari hii kwa utaratibu. Ina sehemu tatu, nikawa nachukua sehemu moja kwa usiku mmoja, narudia mara tatu au nne, sigusi nyingine. Na nikajiwekea sharti, nikijikuta natafuta maneno nasimamisha naanza upya. Wiki ya kwanza nilisimamisha mara nyingi mno. Sikio lina tabia kama mguu, limeshazoea njia fulani litakupeleka huko hata kama umekusudia kwenda kwingine.

Kilichonisaidia zaidi ni tarumbeta. Zamani nilipuliza tarumbeta kwenye bendi kwa miaka kadhaa, nikaacha, lakini ala ninayo. Siku ya mapumziko nikaitoa, nikajaribu kuipuliza ile melodi ya mwanzo kwa kusikiliza tu, naifuata pole pole. Sasa aliyewahi kupuliza wimbo anajua, wimbo una sehemu zake za kuvuta pumzi, mtunzi wa nyimbo anajua mwimbaji ni binadamu, anakupa mstari, unapumua, anakupa mstari wa pili unaojibu wa kwanza, unapumua. Weill kwenye nyimbo zake ni bingwa wa hiyo kitu. Hapa nilishindwa. Nilikuwa nafika mahali ambapo mdomo wangu unategemea kumalizia, na melodi haimaliziki, inaachwa wazi, ala nyingine zinaichukua zinakwenda nayo kwingine, na mimi nimebaki na pumzi mkononi, sina pa kuiweka. Nilirudia jioni nzima. Na hapo nikaanza kuelewa kwamba kile nilichokiita wimbo bila mwimbaji hakikuwa wimbo. Kina sura ya wimbo kwa mbele, ila kinafanya kazi nyingine kabisa, ni kama mbegu, unayoyasikia baadaye kwenye ile mbio yanatoka humo.

Sehemu ya pili, Largo, yaani ile ya taratibu sana, ndiyo roho yangu. Siwezi kuisikiliza nikiwa nafanya kitu kingine tena. Ina mwendo wa watu wanaotembea nyuma ya jeneza, hatua moja nzito, moja nyepesi, moja nzito, na juu ya hatua hizo ala zinapokezana kusema. Okestra yenyewe si kubwa, na hili nalipenda sana, ni pea pea tu za filimbi, oboe, klarineti, basuni, honi mbili, tarumbeta mbili, tromboni mbili, timpani na nyuzi. Kipindi hicho watu waliandika simfoni za kuziba ukumbi mzima, yeye kachukua okestra ambayo hata Schubert, mtunzi wa miaka mia nyuma yake, angeitambua. Kwa hiyo kila ala inasikika kama mtu mwenye jina. Ikilia basuni unajua ni basuni, haijazama kwenye wingi. Nilipofiwa na mtu wa karibu yangu, miezi kama minne baada ya kuanza kuisikiliza hii kazi, sikuweza kusikia nyimbo zozote kwa wiki kadhaa, maneno yalikuwa yananichosha, kila wimbo unataka kuniambia jambo. Largo haikuniambia kitu. Ilitembea tu na mimi tukatembea. Nadhani hapo ndipo nilipoacha kabisa kumtafuta mwimbaji, sikuwa namtaka.

Na Weill mwenyewe alikataa kuipa maelezo. Kwenye programu ya onyesho la Amsterdam alieleza kwamba hawezi kusema muziki huu unahusu nini, ni umbo la muziki tupu, ila rafiki yake mmoja wa Paris alimwambia kama lingekuwepo neno linalomaanisha kinyume cha muziki wa mashambani na wachungaji, neno hilo lingefaa liwe jina. Kinyume cha mashambani na utulivu! Mwaka 1934, mtu aliyekimbia na sanduku. New York waliipa jina la Matukio Matatu ya Usiku, nadhani waliona neno simfoni peke yake halitauzika kwa mtu wake. Mi kama mtu wa zamu za usiku jina hilo nalielewa vizuri, lakini naona bora ile alama tupu ya simfoni, jina lile linakurudisha kwenye jukwaa, unaanza tena kutafuta pazia.

Sehemu ya tatu inakwenda kasi, katikati ala za kupuliza zinapiga machi, yaani muziki wa gwaride, ya kutisha kidogo, machi ya askari lakini ina kitu kimekaa upande, na mwisho inageuka tarantela, ule mchezo wa Kiitaliano wa kuzunguka kwa kasi, inakimbia mpaka inakatika. Wengine husema mwisho huu ni mwepesi mno baada ya Largo. Hapo nakubaliana nao kiasi, kuna usiku naona amekimbilia mlango. Na kuna usiku naona kukimbia ndiyo habari yenyewe.

Baada ya hapo nikatafuta namba moja. Hii aliiandika 1921, ana miaka ishirini na moja, yupo Berlin anasoma kwa mtunzi Ferruccio Busoni, na nyumbani kwake hakuna raha, Ujerumani imetoka vitani imeshindwa, njaa, mapinduzi, risasi mtaani. Karatasi ya mbele ilikuwa na maneno ya tamthilia ya mshairi Johannes R. Becher juu ya wafanyakazi, wakulima na askari, watu wanaoamka kumwelekea Mungu. Ni sehemu moja tu isiyokatika, kama dakika ishirini na tano, inaanza na kodi nzito zimerundikwa kama mawe ukutani, halafu inakimbia, halafu inaingia kwenye sehemu ya ibada, na kuelekea mwisho inakuja kama tenzi ya kanisani. Hakuna wa kukusaidia humo, haina ile melodi ya kukushika mkono kama namba mbili. Na yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia ikipigwa na okestra, kwa maana ilipigwa kwa mara ya kwanza miaka ya 1950, ameshakufa. Nota zake zilidhaniwa zimepotea kabisa. Mtu ameandika simfoni akiwa kijana, amezunguka dunia, amekuwa maarufu mabara mawili, na sauti ya simfoni yake ya kwanza hajawahi kuijua zaidi ya kichwani mwake. Hilo jambo nikiliwaza usiku nikiwa peke yangu na mitambo linanikaa kifuani.

Katikati ya hizo mbili kuna konseto, yaani kazi ambayo ala moja inapiga mbele ya okestra, ya fidla na ala za kupuliza, ya 1924, ikapigwa Paris Juni 1925. Nilipoiona kwenye orodha nikafikiri wamekosea kuandika, fidla inapiga mbele lakini nyuma yake okestra haina fidla hata moja, wala viola, wala selo, nyuma ni filimbi, klarineti, tarumbeta, honi, ngoma na dabobesi nne chini. Maana yake yule mpiga fidla hana ndugu humo ndani. Kwenye konseto za kawaida fidla ikichoka inaegemea fidla wenzake, hapa inasimama peke yake katikati ya pumzi za watu. Kwa mara ya kwanza niliona ile sauti kavu, ya bendi, ambayo miaka minne baadaye itaifanya Dreigroschenoper isikike tofauti na opera zote, imeanzia wapi. Haikuanzia jukwaani. Alikuwa nayo tayari kwenye muziki wa ukumbini, akaipeleka jukwaani. Mi nilikuwa nimeipanga historia yake kichwa chini miguu juu, nikidhani mtu wa nyimbo kajaribu simfoni, kumbe aliyeketi kuandika zile nyimbo alikuwa mtu wa simfoni na konseto tangu ujana, ameshapita kwa Busoni, na ndiyo maana wimbo wake wa dakika tatu una mifupa ambayo nyimbo za wenzake hazina. Hata Lost in the Stars, ile tamthilia yake ya mwisho ya 1949 aliyoitoa kwenye riwaya ya Alan Paton ya Afrika Kusini, nikiisikiliza sasa zile kwaya zake nasikia hatua za Largo humo ndani, nzito, nyepesi, nzito.

Kwa anayetaka kuanza, ushauri wangu usianze na namba moja, itakuchosha. Anza na Largo ya namba mbili peke yake, rudia siku kadhaa, ndiyo urudi mwanzo. Mi rekodi niliyokaa nayo sana ni ya Marin Alsop na okestra ya Bournemouth, inasikika safi na haina haraka. Joana Mallwitz naye na Konzerthausorchester ya Berlin walitoa albamu 2024 yenye simfoni zote mbili pamoja na Die sieben Todsünden, na hiyo ni nzuri kwa sababu unaweza kusikia mwaka 1933 wake wote kwa mkupuo mmoja, kazi ya jukwaa na kazi ya ukumbi zimekaa jirani, na nakushauri kabisa simfoni uitangulize, ukianza na yenye mwimbaji utakwenda kumtafuta kwenye isiyo naye. Na kitu kingine, usisome chochote juu yake kabla ya kusikiliza, hata haya niliyoandika ningependa uyasome baadaye ila ndio hivyo umeshayasoma.

Tangu hapo nimewaangalia na wengine kwa jicho hilo. Bizet wa ile opera ya Carmen aliandika simfoni akiwa na miaka kumi na saba, 1855, ikakaa bila kupigwa mpaka 1935, miaka themanini. Sullivan wa zile opereti za Kiingereza ana simfoni yake ya 1866. Sijakaa nao vya kutosha nikaweza kusema zaidi, ila nimejifunza kwamba mtu akipewa cheo kimoja na watu, kazi zake nyingine hazifichwi na mtu, zinabaki wazi kabisa kwenye orodha na hakuna anayezifungua.

Nirudi kwa Mwalimu. Nilimpelekea rekodi, nikamwambia mzee wangu naomba nusu saa yako tu. Alisikiliza yote kwa heshima, macho kafumba. Largo ilipoisha alitikisa kichwa taratibu, hakusema neno. Machi ya mwisho ilipokuja akafumbua macho akaninyooshea kidole, "Hiyo hapo, si nilikwambia, jukwaa hilo." Nikamwambia sawa Mwalimu, machi nakuachia, lakini ile tarumbeta ya mwanzo si wimbo. Akasema ni wimbo, umekosa maneno tu. Tukabishana kwa adabu pale, yeye ni mkubwa wangu, mwisho akasema basi yeye atauwekea maneno, kama ni wimbo utakubali. Huyu mzee ametunga nyimbo nyingi za kwaya maishani mwake, mizani anaijua kuliko mimi, kumwekea melodi maneno kwake ni kazi ya dakika kumi.

Akaomba karatasi. Nikamrudishia mwanzo, akaandika mstari wa kwanza, ukakaa vizuri kabisa, nikaogopa. Wa pili ukakaa. Wa tatu akafuta mara mbili, akaandika tena, akaimba kwa sauti ya chini, ukakaa kwa shida. Akaomba nirudishe, nikarudisha. Akaomba tena. Alikuwa anafika pale pale nilipokwama na tarumbeta yangu, anainua kalamu, na melodi inaondoka. Tulirudia sijui mara ngapi. Chai ilipoa mezani. Akakunja karatasi akaniambia ataimalizia nyumbani, kesho yake akanipigia simu akasema ameiacha nyumbani kwangu makusudi, nimtunzie.

Ninayo mpaka leo, nimeiweka ndani ya kasha la tarumbeta. Ina mistari mitatu kwa mwandiko wake mzuri wa ualimu, na chini yake ameandika namba nne, akaweka nukta.